Ekseli ya nyuma ya mtumba: ya Hilux au ya Land Cruiser?

Ukijenga gari la zamani lenye injini kubwa hapa Lubumbashi, ubishi hauishi: ponti (ekseli) ya nyuma itoke wapi?

Kwa bei, Hilux inashinda, hakuna mjadala. Vipuri vyake vimejaa hadi mtaa wa Kamalondo. Tena ni nyepesi, na gari jepesi likibebeshwa chuma kizito nyuma hurukaruka mashimoni. Ya Land Cruiser 70 ni ghali, maana magari ya migodini yanaigombania.

Kwenye nguvu mambo yanageuka. Gia kubwa ya difu (gia za katikati ya ekseli) ya Hilux ina kipenyo cha inchi 8, ya mwenzake 9.5. Na si ukubwa tu. Kwenye Hilux shafti yenyewe, fimbo inayozungusha gurudumu, ndiyo inayobeba uzito wa gari, kwa hiyo ikikatika gurudumu linaweza kuchomoka nayo. Kwenye Land Cruiser mzigo umekaa juu ya habu, kitovu cha gurudumu, na kazi ya shafti ni kuzungusha tu. Unafungua nati, unaivuta, magurudumu yakiwa chini.

Matunzo ni yaleyale: oili ya difu, sili, beringi.

Rasio, yaani meno ya gia kubwa kugawa kwa ya gia ndogo inayoizungusha, usiulize muuzaji, hesabu meno. 41 kwa 10 ni 4.1, nzuri kwa mizigo. Lakini ukienda nayo mji wa Likasi kwa kasi, injini italia njia nzima.

Injini ya silinda 4, matembezi ya mjini? Hilux yatosha. V8 na mguu mzito? Lipia Land Cruiser. Vyovyote vile, izungushe ekseli kwa mkono kabla ya kutoa pesa. Ikinguruma, iache palepale.