Msaada wa kisheria wa bure, nilivyoenda na mama mdogo

Jamani ngoja niwaandikie kuhusu hiki kituo cha wasaidizi wa kisheria huku kwetu mkoani Morogoro, maana najua wengi tukisikia NGO tunawaza semina na posho tu. Hata mi nilikuwa hivyohivyo mpaka mume wa mama mdogo alipofariki, hata arobaini haijafika mashemeji wakamwambia arudi kwao, shamba ni la ukoo.

Kituo chenyewe ni chumba kimoja, meza na benchi basi. Tulipokelewa na dada mmoja, akafungua kaunta buku akaanza kuandika, mama mdogo anaongea, analia, ananyamaza, anaendelea, yani karibu saa zima na yule dada hakumkatisha hata mara moja. Alipomaliza akatusomea Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 3, kwamba mwanamke ana haki ya kupata na kumiliki ardhi sawasawa na mwanaume. Mama mdogo akasema hebu rudia mwanangu. Akarudia.

Baada ya hapo tukapewa njia: cheti cha kifo, kikao cha familia na muhtasari wake uliosainiwa, kisha mahakama ya mwanzo kufungua mirathi. Hatukutoa hata mia, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 yenyewe inawakataza kulipisha. Pia hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama mawakili, kwahiyo mama mdogo alijieleza mwenyewe mbele ya hakimu, ila walimuandaa vizuri mpaka hofu ikamtoka, akateuliwa msimamizi wa mirathi na msimu huu kalima.

Kilichonigusa zaidi ni kwamba hawaishii kwenye kesi. Huwa wanapita vijijini kueleza kwamba kila mkazi aliyefika miaka 18 ni mjumbe wa mkutano mkuu wa kijiji, unatakiwa ukae angalau kila miezi mitatu na hapo mnasomewa mapato na matumizi. Kwetu ulikuwa haujaitishwa zaidi ya mwaka! Watu wakaanza kuuliza, ukaitishwa, na aliyesimama kuuliza hela ya ushuru wa mazao imefanya nini ni mama mdogo, yule yule aliyekuwa anaongea ameinamisha kichwa. Maendeleo ya kijiji yanaanzia kwenye swali kama lile, mi ndo ninavyoona.

Kasoro ipo. Wanafungua siku mbili tu kwa wiki na wahudumu ni wachache, kuna siku tulikaa toka saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana, na wanategemea hela za mradi, ukiisha sijui wajane wa huku wataenda wapi. Halmashauri ingewapa hata chumba kikubwa kidogo na shajala.

Mkienda wahini mapema, bebeni cheti cha ndoa na cha kifo, na kama kuna karatasi yoyote ya shamba hata kama imechanika nendeni nayo hivyohivyo.