Feni ya kusimama ya inchi 16: imenifaa Kaskazi hii

Nimeinunua kwenye duka moja la vyombo vya umeme hapa Langoni, Lamu, kwa shilingi 3,800. Muuzaji aliapa: "Mama, chumba kitakuwa friji." Maneno ya biashara hayo. Feni haipozi hewa, inakausha jasho mwilini ndipo ukasikia baridi. Ukitoka chumbani, izime. Unapepea kuta bure.

Upepo wake lakini, mashaallah. Namba moja yatosha usiku, unapenya mpaka ndani ya chandarua. Namba tatu inanguruma, redio husikii. Hizi nyumba zetu za mawe kuta zake hubaki na joto la mchana, kwa hivyo magharibi ikiingia naiweka dirishani, mgongo nje uso ndani, ituvutie hewa iliyopoa. Inakula wati 50 tu, tokeni za umeme hazikimbii.

Kinachoniudhi ni wavu. Chumvi ya bahari haina huruma: kutu imeshaanza kwenye maungio, ukipitisha kidole rangi inabambuka. Kitako nacho chepesi, paka akijisugua yote inayumba. Na vumbi likiganda kwenye mapanga upepo unafifia, basi chomoa plagi, fungua wavu, ufute kwa kitambaa chenye unyevu.

Nyota nne kwa tano. Ukienda kununua, iwashwe mbele yako hapo hapo dukani, kichwa kigeuke huku na huku, usikilize kama kinakwaruza.