Kifurushi cha kujishonea vazi la mbizi: mpira mzuri, patani mbovu

Kifurushi nilichonunua kina mapande ya neopreni, yaani mpira laini wenye vipovu vya gesi, yenye unene wa milimita 5, yaliyofunikwa kitambaa cha nailoni pande zote mbili, pamoja na kopo la gundi, zipu ndefu ya mgongoni, uzi, sindano mbili zilizopinda na patani ya karatasi, yaani kielelezo cha kukatia mapande. Baada ya wiki tatu za kazi ya jioni na kuzama mara kadhaa, naona vifaa vyenyewe vinastahili pesa zilizolipwa, ila patani haistahili hata wino wake.

Mpira ukiubonyeza kwa dole gumba hurudi mara moja, nayo ni dalili njema, kwa sababu vipovu vya gesi vilivyofungiwa ndani yake ndivyo vinavyozuia joto la mwili lisipotee. Jambo hilo ndilo alilolitambua mwanafizikia Hugh Bradner wa Chuo Kikuu cha California mwanzoni mwa miaka ya 1950: mpiga mbizi anaweza kulowa na bado asipate baridi, mradi maji machache yanayoingia yatulie mwilini.

Anayedhani kazi hii ni ya cherehani atashangaa, maana kinacholiunganisha vazi ni gundi. Hupakwa kwenye kingo zote mbili, huachwa ikauke, hupakwa tena, kisha husubiriwa dakika chache hadi kidole kikiigusa kisinate. Hapo ndipo kingo hukutanishwa kidogo kidogo, na zikishagusana hazina talaka. Wembe nao lazima usimame wima wakati wa kukata, kwani ukiinama kidogo tu kingo hazilingani na mshono hubaki na ufa. Sindano iliyopinda huingia nusu ya unene wa mpira na kutokea upande uleule ilikoingia, kwa kuwa kila tundu linalopenya hadi ndani ni mlango wa maji. Sindano za kifurushi hiki ni kali na imara. Sina la kuzilaumu.

Lawama zangu ni kwa patani, ambayo imechorwa kana kwamba mgongo wa binadamu umenyooka kama ubao. Nilipolivaa vazi, ngumi yangu nzima ilipita kiunoni kwa nyuma, na kila nilipoinama majini, maji ya baridi yaliingia na kutoka kama pampu. Ilinibidi nikate kipande chenye umbo la kabari pale mgongoni na kuunganisha upya. Mnunuzi afadhali aiache patani hiyo, avae nguo kuukuu inayobana, aombe mtu amzungushie utepe wa gundi mwilini, achore mistari ya mishono juu yake, kisha ganda hilo likatwe taratibu na kulazwa mezani: hiyo ndiyo patani ya mwili wake, nayo ipunguzwe kidogo ili vazi libane.

Kijitabu cha maelezo hakisemi lolote kuhusu mvuke wa gundi, ambao huumiza kichwa na hushika moto kwa urahisi, na kwa maoni yangu ukimya huo ni kosa kubwa kuliko hata mgongo wa ubao. Fungua madirisha yote, usiwe na moto karibu, na ununue kopo la pili mapema, kwani langu liliisha mguu wa kushoto ukiwa bado wazi.