Uzoefu wangu: 225/75R16C badala ya 205R16C kwenye Hilux ya mzigo, Mtwara

Matairi haya yamekula misimu miwili ya korosho kwenye Hilux ya kebini moja, Tandahimba na Newala hadi Mtwara mjini. Kwa mzigo nayakubali kuliko saizi iliyokuja na gari. Kwa mchanga wa pwani ya Msimbati siyakubali, na sababu nitaieleza.

Kabla ya kuuliza bei, fungua mlango wa dereva usome kibandiko kwenye nguzo. Cha gari hili kinasema 205R16C (hiyo C ni alama ya tairi la gari la mzigo). Namba ya kati (kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana, kama 75 kwenye 225/75) haipo, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Ni uandishi wa zamani: ubavu huhesabiwa kama asilimia 80 hivi ya upana, kwa hiyo tairi zima lina kimo cha karibu milimita 735. Sasa pima saizi mpya. 225, yaani upana kwa milimita, mara 0.75 ni 168.75, ubavu uko juu na chini, kwa hiyo zidisha kwa mbili, 337.5, jumlisha rimu ya inchi 16, yaani 406.4. Jumla 743.9. Tofauti ni kama milimita 9, asilimia 1.2. Mimi sivuki asilimia 3.

Dukani utashawishiwa kufunga 265/70R16 kwa kuwa gari linapendeza. Piga hesabu ileile: inatoka 777.4, karibu asilimia 6 juu. Mshale ukisoma 50 mbele ya tochi ya trafiki, gari linakwenda karibu 53. Gia zote zinakuwa nzito, na kupanda kwenda Newala na tani moja nyuma utaona gia ya tatu haivuti pale ilipokuwa inavuta, klachi ndiyo inayolipia. Usukani ukikatwa mpaka mwisho, tairi linaweza kulamba plastiki ya madigadi. Dalili yake ni mstari mweusi unaong'aa kama umepakwa mafuta. Jaribu gari likiwa na mzigo, gurudumu moja likiwa juu ya jiwe. Likiwa tupu kwenye sakafu ya gereji halitakuonyesha kitu. Na spea yenyewe huenda isikae vizuri chini ya bodi.

Halafu rimu. Tafuta maandishi yaliyogongwa kwenye chuma, mfano 16x6J. Hiyo 6 ni upana kwa inchi. 225/75R16C inataka rimu ya 6 hadi 7, lakini 265/70R16 inaanzia 7. Tairi pana kwenye rimu nyembamba linabinywa mbavu, katikati inavimba, kashata (vinundu vya mpira vinavyogusa barabara) za katikati zinaisha wakati za pembeni bado mpya.

Jambo ambalo ningeomba kila mwenye pikapu alishike ni namba ya mzigo, ile inayofuata saizi. Kuna 225/75R16 isiyo na C, ya magari ya abiria, ina 104, yaani kilo 900 kwa tairi. Kwa macho zinafanana, na isiyo na C mara nyingi ni rahisi zaidi, ndiyo maana inanunuliwa. 205R16C ya plai 8 (kiwango cha uimara wa tairi) ina 110/108: kilo 1,060 likiwa peke yake, 1,000 yakiwa pacha, yaani mawili upande mmoja wa ekseli. Ekseli ya nyuma ya pikapu iliyojaa magunia inafika tani moja na nusu na zaidi. Matairi mawili ya 104 yanabeba 1,800 kwenye karatasi, na hapo bado hujaingia shimo hata moja. Ubavu unakunjwa kila mzunguko, unapata joto, nyuzi za ndani zinaachana, kisha unaona uvimbe wa ukubwa wa yai. Tairi lenye uvimbe huo halizibwi, linatolewa. Haya ninayoyatumia ni 121/120, kilo 1,450. Lakini soma vizuri: kilo hizo ni kwa upepo wa juu kabisa ulioandikwa ubavuni. Ukijaza pungufu, uwezo unashuka.

Upepo mimi nafuata kibandiko, nyuma juu zaidi nikiwa na mzigo, na napima asubuhi kabla gari halijatembea. Mchana, baada ya safari, kipimo kitapanda psi kadhaa kwa joto. Usipunguze, kesho utakuwa chini ya kiwango. Valvu za kawaida za mpira zina kikomo cha psi 65. Ukihitaji zaidi ya hapo, funga za chuma.

Nunua manne ya saizi moja. Kwenye 4x4 ya kuingiza kwa mkono, mbele na nyuma zikitofautiana kimo na ukaiingiza kwenye lami, ekseli zinavutana na kifaa kinachogawa nguvu kinaumia. Soma pia tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba ya kiwandani iliyo ubavuni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nene na nyufa za nywele ubavuni siligusi, hata kwa nusu bei.

Kasoro sasa. Gari likiwa tupu, haya ni magumu. Kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi nyuma inaruka, na kwenye kona yenye changarawe inataka kuteleza, kwa hiyo punguza mwendo. Kashata zake ni za lami, mistari mirefu, tope linaziba mara moja. Na mchangani ni membamba: bila kushusha upepo hadi psi 20 hivi, gari likiwa tupu, yanachimba hadi ekseli ikae chini. Ukishusha, uwe na pampu ya kurudishia kabla ya kugusa lami. Anayekwenda Msimbati kila wiki achukue 235/70R16 yenye C au LT (alama ya matairi ya pikapu): kimo chake ni milimita 735.4, sawa na cha awali, rimu ya inchi 6 inaikubali, na nyayo ni pana zaidi. Athibitishe tu kwamba namba ya mzigo haiko chini ya 110.