TAHADHARI: Waya wa "shaba tupu" unaoletwa mpaka mlangoni, ndani ni alumini

Ndugu zangu mnaojenga na kukarabati nyumba hapa Mwanza, kuanzia Buhongwa mpaka Kisesa, pamoja nanyi mnaovuka kutoka Sengerema na Ukerewe kuja kuchukua vifaa mjini: kabla hujalipia roli lolote la waya wa umeme, soma hapa kwanza. Kuna waya unauzwa kwa jina la shaba tupu wakati shaba yake ni ngozi ya juu tu. Ndani ni alumini. Na mara nyingi hata ule unene ulioandikwa kwenye boksi haupo.

Mchezo unachezwa hivi. Nyumba imefika hatua ya wayaringi, au mwenye nyumba anaongeza soketi jikoni. Anafika kijana na bodaboda, maboksi mawili nyuma, anasema mzigo umebaki saiti, mradi umeisha, bosi anataka utoke leo. Bei ni karibu nusu ya dukani. Mkononi ana kipande cha sampuli, nacho ni shaba kweli. Unakikwangua, unaona wekundu, unaridhika. Roli lililo ndani ya boksi limefungwa nailoni na hataki uifungue. Wengine hawaji kabisa: wanaweka picha kwenye statasi ya WhatsApp, unatuma pesa, mzigo unapakiwa basi au kivuko. Njia ya tatu inauma zaidi kwa kuwa inapita kwa mtu unayemwamini. Fundi anakwambia usihangaike, nina duka langu, anapata cha juu chake, na risiti, kama ipo, imeandikwa "waya" basi.

Bei peke yake ingetosha kukushtua. Katika soko la dunia kilo ya shaba huuzwa mara 3 hadi 4 ya kilo ya alumini, na roli la mita 100 la waya wa 2.5 (yaani milimita za mraba 2.5 za shaba pale unapoukata) lina shaba ya zaidi ya kilo 2. Hakuna mtu atakayenunua shaba hiyo, aivute nyuzi, aivishe plastiki, aisafirishe mpaka Mwanza, kisha akuuzie kwa nusu ya bei ya wenzake na bado apate faida. Mnunuzi wa chakavu mtaani kwako hapokei waya kabla hajaukwangua kwa kisu. Wewe unayekwenda kuufukia ukutani kwa miaka 20 usikubali kwa macho tu.

Kipimo cha kwanza ni kisu na plaizi. Chuna ncha ya waya sentimita 5. Chuna ncha zote mbili, ya nje na ile iliyofichwa katikati ya roli. Kata uzi mmoja kwa mshazari, geuza pale palipokatwa patazame jua. Shaba ni nyekundu mpaka kwenye moyo wake. Huu wa uongo unafanana na punje ya karanga mbichi: ngozi nyekundu, ndani nyeupe. Kama jicho halioni vizuri, kwangua uzi kwa kisu sehemu moja mara nne au tano; wekundu utatoka na weupe utabaki. Usichanganye na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni nyeupe nje na nyekundu ndani. Hiyo haina tatizo.

Wauzaji wengi hukimbilia kukuonyesha sumaku: "Ona, hainasi, ni shaba." Sumaku hainasi alumini pia. Inakusaidia tu kumkamata anayeuza chuma kilichopakwa shaba.

Kama bado una shaka, tumia moto. Chukua uzi mmoja uliokwisha kuchunwa plastiki yote (moshi wa plastiki ya waya ni sumu), ushike kwa plaizi juu ya mwali wa bluu wa jiko la gesi, mahali penye hewa. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi joto 1,085, kwa hiyo itawaka nyekundu na kubaki imenyooka. Alumini huyeyuka kwenye 660: uzi unalegea, unainama, unakatika.

Sasa unene, maana hapa ndipo hata waya wa shaba halali kabisa unapotumika kuibia watu. Waya wa 2.5 wenye nyuzi 7, kila uzi unatakiwa uwe na kipenyo cha milimita 0.67. Wa 1.5 wenye nyuzi 7, kila uzi ni milimita 0.53. Kama ni uzi mmoja mnene, 2.5 ina kipenyo cha milimita 1.78 na 1.5 ina 1.38. Mjanja anachukua nyuzi 7 za milimita 0.5, anazivisha plastiki nene, kwa nje waya unaonekana umeshiba, anaandika 2.5. Piga hesabu: nyuzi 7 za 0.5 zinatoa milimita za mraba 1.37. Hiyo haifiki hata 1.5 ya taa, nawe unataka kuchomekea jiko.

Huna haja ya kununua kipimo cha fundi mitambo. Toa uzi mmoja, unyooshe, uzungushe kwenye msumari mizunguko 15 iliyobanana, isiachane wala isipandiane. Weka rula. Uzi halali wa 2.5 utajaza sentimita 1 kamili. Ule wa 0.5 utaishia milimita 7 na nusu, tofauti ambayo hata mtoto anaiona. Kwa waya wa 1.5, zungusha mara 19 upate sentimita hiyo hiyo moja. Plastiki nayo ipime: inatakiwa iwe na unene wa milimita 0.7 kwenye waya wa 1.5, na 0.8 kwenye 2.5. Ikizidi sana hapo, jiulize inaficha nini.

Mizani inasema ukweli pia, na karibu kila duka la vyakula lina mizani. Roli la mita 100 la waya mmoja wa 2.5, pamoja na plastiki yake, lina uzito wa kilo 3 na kidogo juu. La 1.5 ni karibu kilo 2. Roli la "2.5" lenye alumini ndani litakaa chini ya kilo 2, kwa kuwa alumini ni nyepesi kuliko shaba zaidi ya mara tatu. Ukilibeba tu mkononi baada ya kubeba la kweli, mkono utakwambia.

Urefu wengi huusahau. Boksi likiandikwa "100" bila kipimo, huenda ni yadi 100, ambazo ni mita 91 na kitu. Na yapo maroli ya mita 80 yanayouzwa kama 100. Pima kipenyo cha roli kuanzia katikati ya unene wa waya upande mmoja hadi katikati upande wa pili, zidisha kwa 3.14, kisha zidisha kwa idadi ya mizunguko. Roli la kipenyo cha sentimita 20 linahitaji mizunguko karibu 160 kufikisha mita 100. Inachosha kuhesabu, lakini mita 20 zilizopungua ni soketi ya chumba kizima.

Mwenye multimita (kipimo cha umeme) aipeleke kwenye omu, yaani kipimo cha jinsi waya unavyozuia umeme, aguse ncha mbili za roli. Kabla ya hapo agusanishe nyaya za kipimo zenyewe, aandike namba inayotokea, aje kuitoa kwenye jibu, vinginevyo kipimo cha bei rahisi kitakudanganya. Mita 100 za shaba ya 2.5 zinatoa kama omu 0.74. Za 1.5 ni 1.21. Ukiona "2.5" inasoma 1.1 au zaidi, irudishe.

Kwa nini tunang'ang'ania hivi? Chukua birika la wati 2,000. Kwa umeme wetu wa volti 230 linavuta ampia karibu 9. Soketi iko mita 20 kutoka mein swichi, kwenda na kurudi ni mita 40 za waya. Kwenye shaba halali ya 2.5 joto linalozalishwa ndani ya waya huo ni kama wati 24, limesambaa, halina madhara. Waya wa alumini uliopakwa shaba unazuia umeme zaidi kwa kama nusu tena, na ukichanganya na ule wembamba wa 1.37, upinzani unafika karibu mara 2.7. Joto linakuwa wati 65 au hapo jirani, ndani ya bomba, ndani ya plasta, lisipopata pa kutokea. Hilo ni birika moja. Hita ya kuogea ya wati 5,000 inavuta ampia zaidi ya 21. Plastiki ya kawaida ya waya imetengenezwa kuhimili nyuzi joto 70.

Na sakiti breka haikuokoi. Breka ya ampia 20 inahesabu umeme unaopita, haijui waya wa ukutani umepata moto kiasi gani. Ampia 15 zikipita kwenye waya huo, breka itatulia kimya wakati waya unapikika.

Kinachoharibika kwanza ni maungio. Alumini ikibanwa na skrubu ya soketi inalainika na kutambaa taratibu, halafu inatanuka na kusinyaa kuliko shaba kila inapopata joto na kupoa. Skrubu uliyoikaza leo, baada ya miezi inacheza. Pale palipokatwa alumini inapata hewa na kufanya utando mgumu usiopitisha umeme. Ikikutana na shaba na shaba nyeupe ya soketi kwenye unyevu, inaliwa. Unyevu wetu wa ziwani hauna chumvi kama wa pwani, lakini kwa nyumba za kando ya maji, Luchelele, Igombe, Kirumba, unatosha. Muungio uliolegea unapiga cheche, cheche zinaunguza plastiki.

Dalili ya mapema ni harufu. Plastiki ya soketi inayoungua taratibu hutoa harufu kama ya samaki walioharibika. Mji wetu huu, mtu anasikia harufu hiyo anadhani ni sangara wa jirani, anafunga dirisha. Ikiwa harufu inakuja jioni wakati wa kupika na inakuwa kali karibu na ukuta wenye soketi, chunguza. Dalili nyingine: plastiki ya soketi imegeuka rangi ya chai kuzunguka matundu, plagi ya pasi inatoka ya moto, taa inafifia jiko likiwashwa.

Ukitaka kuchunguza soketi mwenyewe, zima mein swichi yote, si breka ya soketi hiyo peke yake, kwa sababu kuna nyumba laini (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudisha) zimegeuzwa. Jaribu testa mahali penye umeme kabla ya kuzima ujue inafanya kazi, kisha hakikisha soketi imekufa. Fungua skrubu mbili, vuta taratibu, angalia waya: nyuzi zilizokatika zenyewe, unga mweupe kwenye ncha, plastiki iliyokakamaa au kuwa nyeusi. Kwangua uzi mmoja. Ukiona weupe ndani, rudisha, funga, usichomeke kitu kizito tena hapo.

Kubadilisha ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Habari njema ni kwamba kama waya umepita kwenye bomba, ukuta hauvunjwi: waya mzuri unafungwa kwenye ncha ya ule mbaya, unavutwa upande wa pili, mmoja anasukuma mwingine anavuta. Wakati unatafuta pesa, mwambie aondoe breka ya 20 kwenye soketi aweke ya 10. Itakatika kila mara ukiwasha birika na pasi pamoja, na ndivyo inavyotakiwa. Hiyo ni ya siku chache tu. Nyumba za milimani, Igogo, Mabatini na nyinginezo juu ya mawe, zisisubiri: gari la zimamoto linaishia barabarani chini. Namba yao ni 114.

Kuhusu alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania): stika kwenye boksi inachapishwa na yeyote. Tazama mwili wa waya wenyewe. Unatakiwa uwe na jina la mtengenezaji, ukubwa, volti (450/750 kwa waya wa kawaida wa ndani ya bomba) na namba ya kiwango, maandishi yanayojirudia urefu wote. Lowesha kidole, sugua. Yakifutika, achana nao.

Kwa muuzaji yeyote, mlangoni au dukani, omba risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) iliyoandikwa kamili: "waya 2.5, shaba tupu, mita 100", idadi ya maroli na jina la mtengenezaji. Mwenye mzigo safi anaandika bila kununa. Anayeanza kukueleza habari za mashine kuharibika, mwache aondoke na boksi lake.

Ukishauziwa, usimfuate kwa ugomvi na usiuchome waya wala kumuuzia jirani. Kata kipande cha mita 1 chenye maandishi, kifunge pamoja na stika ya boksi, risiti au ujumbe wa muamala wa simu, na picha za mazungumzo. Waya usiokidhi kiwango ni kosa chini ya Sheria ya Viwango ya 2009, peleka TBS, ofisi yao ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza. Waya uliobandikwa jina la kiwanda kisichoutengeneza ni kazi ya Tume ya Ushindani, chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963, na kiwanda chenyewe kipigie pia, kwani nacho kimeibiwa jina. Roli lililobaki liache kwenye boksi lake, lisikatwe zaidi ya kile kipande, mpaka waje waliangalie.