Duka la dawa za mifugo Mwanjelwa lililonipigia hesabu ya mbwa mwaka mzima

Wadau wa Mbeya mnaotafuta mbwa wa ulinzi, naona kila mtu anauliza mtoto wa mbwa shingapi, hakuna anayeuliza kumlea ni shingapi, na hapo ndo watu wanaumia, mimi nimeumia.

Mwaka juzi nilichukua mtoto wa mbwa nikampeleka duka fulani kuchanjwa, jamaa akatoa chanjo kwenye droo, sio kwenye friji, nikaona kawaida tu kwa sababu bei ilikuwa nafuu. Sikujua kwamba chanjo inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 mpaka 8 muda wote, ikipata joto unachoma maji. Mbwa alivyofika miezi 3 parvo, ule ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa, ikampata, anatapika, anaharisha damu, dripu na sindano zikala 85,000 ndani ya siku 4 na akafa hivyo hivyo. Watoto wangu walilia aisee, yule mdogo alikuwa anaenda kukaa kwenye banda tupu.

Sasa mwaka huu nikaelekezwa hili duka, ukishuka Kabwe unaingia ndani kidogo, mbele wamepanga magunia ya chakula cha kuku. Nikamwambia dada wa pale nataka kuchukua mbwa mwingine, akaniambia, "Kaka, kabla hujamchukua ngoja nikuandikie." Akatoa kalamu na karatasi. Chanjo ya parvo na magonjwa mengine ya mbwa yanayochanjwa pamoja nayo mara 3, ya kwanza kwenye wiki ya 6 mpaka 8 halafu unarudia kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16, kila sindano 25,000, hiyo 75,000. Kichaa cha mbwa akifika miezi 3, 10,000, na hii unarudia kila mwaka. Minyoo dozi 8 za 2,000 maana wangu nilikuwa namchukua akiwa na wiki 8, wakiwa wadogo wanapewa mara kwa mara kisha wakikua kila miezi 3. Dawa ya kupe chupa 5 za 5,000. Jumla 126,000, akagawa kwa 12, ikatoka 10,500 kwa mwezi. Nilikaa nikaitazama ile karatasi, maana mbwa aliyekufa alikula 85,000 kwa siku 4 na sikubaki na kitu.

Msosi hakuniandikia, akaniambia nikapime mwenyewe nyumbani. Wangu sasa hivi ameshakua, anakula dona nusu kilo kwa siku, kwa mwezi kilo 15 kwa 1,300 ni 19,500, dagaa wa Nyasa waliovunjika kilo 4 nazipata kwa 16,000, mabaki ya bucha 8,000. Jumla 43,500. Ukiweka na ile ya dawa ni 54,000 kwa mwezi, na mwezi wa 6 na wa 7 baridi ya huku ikikaza anakula zaidi kwa hiyo usibane hapo. Mifupa ya kuku iliyopikwa msimpe, inachanika vipande vikali na inaweza kumtoboa utumbo.

Kilichonifanya niwaamini ni kwamba kabla ya kuchoma alinionyesha kipimajoto ndani ya friji, akanionyesha na tarehe ya kuisha kwenye kichupa, kisha akabandika ile lebo kwenye kadi ya mbwa. Dawa ya minyoo hakunipa mpaka alipompima mbwa kwenye mizani. Na kichaa alinisisitizia sana, dalili zikishamtokea mtu ni kifo, kwa hiyo mbwa akikung'ata unaosha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu unakimbia hospitali, hata kama ni mbwa wa jirani unayemjua.

Mapungufu yapo. Chanjo ya parvo haipo kila siku, inabidi uweke oda, mimi niliwahi kutoka Nzovwe na mbwa kwenye bajaji nikarudi naye hivyo hivyo na nauli imeenda. Tena kichupa kikiisha mwingine anasubiri mpaka wiki inayofuata. Pia hawatibu mbwa mgonjwa, wanakuelekeza kwa daktari wa mifugo, na hiyo nimeipenda japo usiku unahangaika. Kwa hiyo ulizia oda mapema, na nenda asubuhi kwenye saa 4 hivi ukiwa na kadi, mchana foleni ya wafuga kuku inakuwa ndefu.