Miezi minne na Aseprite: kutoka mraba mwekundu hadi mhusika anayetembea

Niseme mapema tusipotezeane muda: mimi si mchoraji. Shuleni daftari langu la sanaa lilikuwa safi kuliko yote kwa sababu hapakuwa na kitu ndani yake. Nilichokuwa nacho ni gemu ndogo niliyokuwa naiandika mwenyewe jioni jioni, na shujaa wake alikuwa mraba mwekundu. Mraba unaruka, mraba unakufa. Nikachoka nao. Nikasema nijifunze kuchora wahusika kwa pikseli, nikijidanganya kwamba kama picha yenyewe ni vimraba tu, basi hata asiyejua kushika penseli ataviweza.

Nilianzia pabaya. Nililipia kozi ya video mtandaoni, ambayo sitaitaja, na somo la kwanza kabisa lilikuwa kuchora askari mwenye deraya kwenye turubai ya pikseli 64 kwa 64. Hizo ni pikseli 4,096, na kwa mwanagenzi kila moja ni swali. Wiki tatu baadaye nilikuwa na gunia lenye macho. Nilimwandikia mwalimu kuuliza nilipokosea. Jibu lilikuja siku ya tisa: niendelee na mazoezi. Nikaachana nao.

Aseprite nilikuwa nimeisikia kwa watu wanaotengeneza gemu. Ni programu ya David Capello, alianza kuitengeneza mwaka 2001, na kazi yake ni hii moja tu: kuchora na kuhuisha picha za pikseli. Msimbo wake uko wazi, na mwenye kujua mambo hayo anaruhusiwa kujijengea nakala kwa matumizi yake binafsi. Mimi niliona uvivu, nikanunua. Lipo pia toleo la kujaribia, ila halihifadhi kazi, ukifunga, kimekwenda. Kwa kuzoea vitufe linatosha kabisa. Inatumika kwenye Windows, macOS na Linux, kwa hiyo wenye simu peke yake itabidi watafute kitu kingine.

Safari hii nilifungua turubai ya 16 kwa 16. Pikseli 256, basi. Sikuibuni mwenyewe: Mario mdogo wa gemu ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985 anaenea humo, na ukimtazama kwa karibu ndipo unaelewa ujanja. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu wa Nintendo, alipombuni kwa ajili ya gemu ya Donkey Kong ya mwaka 1981, alimvika kofia ili asihangaike na nywele, akamwekea masharubu ili asichore mdomo. Nimemjua Mario maisha yangu yote, sikuwahi kufikiri kwamba yale masharubu ni njia ya mkato! Hapo ndipo swali langu lilipobadilika. Nilikuwa najiuliza pua inachorwaje. Nikaanza kujiuliza nini kinaweza kuachwa.

Mhusika wangu nikamvika skafu kubwa. Skafu ikameza shingo, mdomo na kidevu, vitu vitatu vilivyokuwa vimenitoa jasho kwenye lile gunia. Kichwa nikakipa pikseli nane, nusu ya urefu wake wote. Ukimpa kichwa cha binadamu wa kweli, uso unabaki na pikseli mbili na hamna atakayejua anatazama wapi.

Kisha macho. Hapa nilikaa jioni nzima, na sijutii. Kila jicho ni pikseli mbili zilizosimama, moja juu ya nyingine, na kati ya macho kuna nafasi ya pikseli mbili. Nikashusha jicho la kulia pikseli moja: akaonekana kama mtu aliyeamshwa usingizini. Nikalirudisha. Nikaweka pikseli moja ya rangi ya nywele juu ya kila jicho, upande wa ndani: kakasirika. Nikazihamishia upande wa nje: kanihuzunikia kabisa, nikaona vibaya kumwacha hivyo. Pikseli mbili tu hizo. Nilibonyeza kutengua na kurudia labda mara thelathini, nikicheka peke yangu.

Kitu kilichonisaidia hapo ni kidirisha kidogo kinachofunguka kwa kitufe cha F7, kinachoonyesha mchoro kwa ukubwa wake halisi huku wewe ukiwa umeukuza mara kumi na sita. Usichore bila hicho kidirisha. Ukikuza unaona vimraba; mchezaji atakayeshika gemu yako haoni vimraba, anaona mtu.

Mistari nayo ina adabu zake. Mkunjo ukihesabu pikseli zake kwa ngazi, nne, mbili, moja, moja, mbili, nne, jicho linateleza vizuri. Ukienda nne, moja, tatu, moja, unapata kibonge kinachoonekana kama mkono ulitetemeka. Aseprite ina chaguo kwenye penseli linaloondoa zile pikseli za pembeni zinazojirundika unapochora mstari kwa mkono. Niliwasha siku ya pili, sijalizima tena.

Upande wa rangi nilifeli kwa kiburi. Programu inakuja na paleti, yaani seti ya rangi 32, iliyopangwa na msanii anayejiita DawnBringer, na mimi, mwenye daftari tupu la sanaa, nikaona hazinifai. Nikachagua zangu. Kivuli cha ngozi nilikipata kwa kuongeza weusi kwenye rangi ya ngozi, na nikakizungusha pembezoni mwa mwili mzima. Matokeo: mto uliojazwa pamba, halafu ukaangushwa kwenye tope. Makosa yalikuwa mawili kwa mpigo. Mwanga lazima utoke mahali pamoja, tuseme juu kushoto, na kivuli kikae upande wa pili. Na kivuli hakipungui mwanga tu, kinahama pia rangi: ngozi inapoingia kivulini inaelekea wekundu au zambarau, inapopata mwanga inaelekea manjano. Nilirudi kwa DawnBringer nikiwa mpole. Mhusika mzima sasa ana rangi saba, na bado naona moja inaweza kutoka.

Hapo nilijiona nimeiva. Nikamwonyesha mtoto wa kaka yangu, ana miaka saba. Akatazama, akainamisha kichwa: "Shangazi, hiyo ndoo mbona ina macho?"

Iliniuma, lakini mtoto alikuwa sahihi. Nilijaza umbo lote kwa rangi nyeusi moja na kweli, ilikuwa ndoo: mikono imebanwa mwilini, miguu imeungana, skafu imejificha ndani ya mwili. Nikaachia mkia wa skafu utoke nje nyuma pikseli tatu, nikaweka pengo la pikseli moja kati ya miguu, nywele nikazichomoza upande mmoja. Nikajaza tena kwa weusi. Sasa alikuwa mtu, na alikuwa anatazama kulia. Tangu siku hiyo naanza na umbo jeusi kwanza, rangi baadaye, na mkaguzi wangu anajulikana.

Sasa uhuishaji, ambako ndiko fedha yangu ilikorudi. Kitufe cha Tab kinafungua mstari wa muda chini, Alt na N vinaongeza fremu mpya, yaani picha moja ya mfuatano, ambayo ni nakala ya ile uliyopo, na F3 inakuonyesha fremu ya jirani ikiwa imefifia nyuma ya unayochora. Vitu vitatu hivyo ndivyo natumia kila siku. Vingine vingi vilivyomo sijavigusa. Kutembea nilikufanya kwa fremu nne: miguu imeachana, mguu unampita mwenzake, miguu imeachana kinyume, unampita tena. Siri ni kwamba kwenye zile fremu za kupitana, mwili wote unapanda pikseli moja. Bila kupanda huko anakuwa kama mtu anayesukumwa juu ya kitoroli. Mkia wa skafu nikauchelewesha fremu moja nyuma ya mwili, na ghafla ukawa na uzito. Sikuamini kwamba ni mimi niliyefanya.

Nikamweka kwenye gemu, akawa anateleza kama yuko kwenye barafu. Nililaumu mchoro siku mbili kabla sijachukua kalamu na karatasi. Miguu yake ikiachana inakuwa na pikseli sita kati yake, kwa hiyo hatua moja ni pikseli sita, na mzunguko mmoja una hatua mbili, yaani 12. Aseprite kila fremu mpya inaipa milisekunde 100, fremu nne ni sekunde 0.4. Kumi na mbili ukigawa kwa 0.4 ni pikseli 30 kwa sekunde. Msimbo wangu ulikuwa unamkimbiza kwa 90! Nilipunguza kila fremu hadi milisekunde 60, msimbo nikaushusha hadi 50, na nyayo zikashika ardhi. Mwendo wa mhusika huchorwa nusu na kuhesabiwa nusu, na ile kozi haikuwahi kugusa nusu ya pili.

Makosa ya kuhifadhi nayataja haraka kwa sababu kila anayeanza huyafanya. Nilihifadhi kama JPEG, rangi zikavuja kwenye kingo. Tumia PNG, na faili yenyewe ya Aseprite ibaki nayo daima, maana ndiyo yenye matabaka na fremu. Nilikuza kwa asilimia 150, pikseli nyingine zikawa nene nyingine nyembamba; kuza mara mbili, tatu, nne, kamwe si moja na nusu. Na nilipomwingiza kwenye Godot, programu ninayotengenezea gemu, alikuwa na ukungu, kwani toleo la 4 hulainisha picha lisipoambiwa vingine: kwenye mipangilio ya mradi, kichujio cha picha kiwekwe Nearest.

Jambo moja nililogundua kwa bahati. Ukibadili picha iwe ya rangi zenye namba, kila pikseli inashika namba ya rangi kwenye paleti, si rangi yenyewe. Nilibadili namba tano kutoka nyekundu kwenda kijani na skafu ikageuka kwenye fremu zote kwa wakati mmoja. Kwa dakika kumi nilikuwa na maadui wanne kutoka kwa mhusika mmoja. Ni uchumi wa zamani sana: mawingu na vichaka vya Super Mario Bros. ni umbo lile lile, rangi tofauti.

Je, ninunue? Kama hujawahi kuchora hata mhusika mmoja, usikimbilie. Anza na toleo la kujaribia, au programu yoyote yenye gridi, hata karatasi ya vyumba vya hesabu; msanii Susan Kare alibuni alama za kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 kwenye karatasi ya namna hiyo. Ukishapata mhusika mmoja wa 16 kwa 16 ambaye mtoto anamtambua, na sasa unataka atembee, hapo Aseprite ina thamani yake. Kwangu ni nyota tano kwa uhuishaji. Kuchora tupu ningeipa nne, si kwa kasoro yoyote, ila mchoro wa fremu moja unaweza kufanyika popote.

Kwa sasa ninapigana na kuruka. Fremu ya kujikunja kabla ya kuondoka ardhini bado inamfanya aonekane anatafuta kitu alichoangusha. Nimeipeleka kwa mkaguzi. Amesema mhusika hana tatizo, tatizo ni kwamba hana mwavuli.